Moshi na Nembo

Fundi Chilumba ndiye aliyeiandika Newala:
KINYOZI, BUCHA, PEMBEJEO ZIPO,
na kila kichwa alichochora
alikizungushia wino mweusi
kama mbuzi kwenye kamba.
"Picha isiyo na mpaka," alinifunza,
"ni shamba lisilo na mpaka. Huzaa kesi."

Nikamsuuzia brashi miaka minne,
nikala mipaka, nikalala mipaka.

Kisha ikaja kalenda ya misheni,
mwaka wake umeshakwisha, haina kazi,
na juu ya mwezi wa sita uso wa mwanamke
ambao sikuona ulipoanzia.
Shavu liliingia kivulini
kama mtu anavyoingia usingizini:
huwezi kumwambia, hapa, ndipo ulipolala.

Mwalimu Selestini, aliyeacha seminari kwa sababu zake,
akanisomea maandishi ya nyuma, miwani ikiteleza:
kwamba huko Italia, karne tano na ushee zilizopita,
watu walichora kwa mstari, kama fundi wako,
hadi wengine wakachoka kusema uongo,
maana nani amewahi kuona mstari
kati ya pua na hewa?
Wakaizimua rangi kwa mafuta hadi ikawa pumzi,
mkono juu ya mkono, kila mkono mwembamba
kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu,
wakingoja ukauke, wiki, mwezi,
na penye ukaidi wakamalizia kwa kidole.
Kazi hiyo wakaipa jina la moshi.

"Moshi!" Fundi akacheka hadi akakohoa.
"Waje huku wabangue korosho za kuchoma,
watajua moshi unachora nini usoni."

Lakini mimi niliamka alfajiri
nikaenda ukingoni, Shimo la Mungu.
Ukungu umepanda kutoka Ruvuma
na Msumbiji haipo, wala haikukatwa,
imezimuliwa tu.
Shangazi zangu wawili wamo ndani ya ule weupe
na sikuona wapi tulipoachana.

Nikamchora bibi, Asinati Namkuna,
kwenye ubao wa sanduku la chai.
Mikono ishirini na mitatu.
Nilianza mikorosho ikichanua,
nikafika mwisho magunia yako ghalani
na malipo ya pili hayajatoka.
Mafuta ya kitani yakaniishia,
mikono ya juu nikatia ya ufuta,
yakagoma kukauka.

Bibi akaitazama muda mrefu.
"Mzuri huyu. Mtoto wa nani?"
"Ni wewe."
"Nembo zangu umezipeleka wapi?"

Nilikuwa nimezilaza, moja moja,
kama watoto wanavyolazwa, kwa upole,
nikidhani namtendea hisani.

"Walinichanja sijavunja ungo," akasema.
"Wanawake wanne wamenishika. Sikulia.
Wakasugua mkaa wa mbarika kwenye damu.
Mstari wangu una moshi ndani yake, mjukuu.
Huo wako umeutoa wapi?"

Sikuwa na la kusema. Naye hakungoja.
Akanyoosha kidole, ukucha mbele,
akapasua shavu, pembe kwa pembe, mara tatu,
na juu ya nyusi, na kidevuni,
bila kioo, bila kutafuta,
kama mtu anayefunga mlango wake gizani.
Ukucha ukazama mikono mitatu, minne.
Akajifuta rangi kwenye kanga, akaenda kuchuja maji.

Fundi Chilumba alipokuja aliinama karibu.
"Ahaa. Sasa ina mpaka."
Aliridhika sana, akaomba chai.

Sikumjibu. Nilikuwa natazama kingo za zile nembo,
jinsi zilivyoanza kulegea, kidogo kidogo,
zikirudi shavuni kwa mwendo wao.
Yale mafuta ya ufuta
hayajakauka hadi leo.